Kuchonga maumbo kwa kompyuta: Mzazi adai kazi, si cheti

MAVUNO yakishaingia ghalani, maombi ya ada huanza. Miongoni mwa maombi yanayowafikia wakulima na wafanyabiashara wadogo siku hizi, lipo moja ambalo wengi hawajui walijibu vipi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita anataka kwenda kusomea kuchonga maumbo kwa kompyuta, yale yanayoonekana kwenye katuni, matangazo ya televisheni na michezo ya simu. Mzazi anaijua bei ya mbolea na bei ya gunia sokoni. Bei ya ujuzi huu haijui, wala hajui ataukaguaje.

Makala haya yanajaribu kumpatia mzazi huyo kipimo. Ujuzi huu hupatikana kwa kufanya kazi nzima, kuanzia kupima kitu hadi kutoa picha yake, kisha kurudia na kitu kingine. Kwa hiyo anayelipa ada aangalie kwanza idadi na ubora wa kazi ambazo wanafunzi wamezimaliza, ndipo aangalie cheti, jengo au wingi wa kompyuta.

Kazi yenyewe ni ipi?

Fundi wa kazi hii hufanya mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuchonga umbo. Ndani ya kompyuta kitu chochote, iwe ng'ombe, nyumba au kikombe, ni mkusanyiko wa alama zilizowekwa mahali maalumu kwa vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Alama hizo huunganishwa kwa mistari, na mistari ikifunga pande tatu au nne hupatikana kipande kimoja cha uso wa kitu. Vipande vingi vikishikana, kama matundu ya wavu wa samaki uliotandazwa juu ya kitu, umbo linaonekana.

Jambo la pili ni kulivisha umbo hilo. Likitoka kuchongwa huwa la kijivu, kama chungu ambacho hakijachomwa. Fundi hulipa rangi, mng'ao, mikwaruzo na kutu. Hapo kazi yake hufanana na ya fundi cherehani, ila kinyumenyume. Fundi cherehani huanza na kitambaa bapa akakishona kimkae mtu mwilini. Huyu huanza na umbo lililokwisha kusimama, hufumua mishono yake hadi ngozi yote ilale chini bapa, huichora, halafu kompyuta huirudisha mahali pake. Akifumua vibaya, picha huvutika kama shati lililokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Mambo haya mawili ndiyo msingi. Kuliwekea umbo taa, kulifanya litembee na kulitia kwenye filamu huja baadaye.

Wanafunzi waliopima gari kwa vijiti

Njia ya kujifunza kwa kazi nzima ina historia, na historia hiyo inaanzia darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maarifa ya kuchora maumbo kwa kompyuta ilitokana na kazi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, chini ya walimu David Evans na Ivan Sutherland.

Mwaka 1972 Sutherland aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuliingiza gari kwenye kompyuta. Gari lilikuwa Volkswagen ya mke wake, ile yenye mgongo kama wa kobe. Hapakuwa na kifaa cha kulipiga picha na kutoa vipimo chenyewe. Wanafunzi walitia alama juu ya bati lake, wakachukua vijiti vya kupimia, na kuandika mahali pa kila alama. Gari hilo lilitambuliwa na kila mtu, kwa hiyo kosa la kipimo lisingeweza kufichika. Hata mpita njia angeona kwamba boneti imepinda.

Mwaka huohuo mwanafunzi Ed Catmull alichagua kitu kilichokuwa karibu zaidi, mkono wake wa kushoto. Aliuchovya kwenye plasta ili apate kalibu. Alisahau kuupaka mafuta kwanza, na alipouchomoa vinyweleo vikang'oka. Kutoka kwenye kalibu hiyo alipata mkono wa plasta, akauchora vipande 350 vidogo vya pembe tatu na zaidi, akapima pembe za kila kipande na kuingiza namba hizo kwenye kompyuta. Filamu fupi aliyoitengeneza pamoja na mwenzake Fred Parke, mkono ukikunja na kukunjua vidole, mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Miaka miwili baada ya zoezi la mkono, yaani mwaka 1974, Catmull aliandika tasnifu yake ya uzamivu. Humo ndimo alimoonyesha namna ya kuibandika picha bapa juu ya umbo lililopinda. Uvishaji wa maumbo unaofundishwa leo ulianzia hapo, kwenye kazi ya mwanafunzi. Mwenzao kutoka Vietnam, Bui Tuong Phong, mwaka 1973 alikuwa ameonyesha namna ya kukokotoa mng'ao unaoonekana juu ya kitu laini kinapopigwa na mwanga.

Mwaka 1975 mtafiti Martin Newell wa chuo hichohicho alihitaji umbo la kufanyia majaribio. Mke wake, Sandra, akapendekeza birika la chai lililokuwa nyumbani kwao. Newell akalichora kwenye karatasi ya miraba, akatoa namba zake na kuwapa wengine bila malipo. Umbo la birika hilo likawa kipimo cha watafiti wa fani hii duniani kote, na birika lenyewe sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California.

Faida iliyotokana na madarasa hayo ni kubwa. Catmull alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Pixar mwaka 1986, iliyotoa Toy Story mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. John Warnock, aliyesoma Utah kabla yake, alianzisha Adobe pamoja na mwenzake mwaka 1982.

Tusidanganyane, hata hivyo. Wale walikuwa wanafunzi wachache wa shahada za juu, na utafiti wao ulilipiwa na fedha za serikali ya Marekani. Kijana wa Singida au Kakamega hawezi kuahidiwa Pixar. Kinachoweza kuigwa ni njia yao: chukua kitu halisi ambacho kila mtu anakijua, kipime mwenyewe, kimalize, kisha waonyeshe wenzako wakikosoe.

Wakulima wanaijua njia hii

Kwa mkulima aliyepitia shamba darasa, njia hii si ngeni. Mafunzo ya aina hiyo yalianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na yakaingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1990. Kikundi hukutana shambani msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna. Wanakikundi hukagua mimea, huhesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki, kisha huchora mmea huo kwenye karatasi kubwa jinsi walivyouona siku hiyo na kuueleza mbele ya wenzao kabla ya kuamua cha kufanya.

Kuchora huko hakufanywi kwa ajili ya mapambo. Anayechora hulazimika kutazama. Mtu anaweza kulima mahindi miaka 20 bila kujua majani yake yamepangana vipi kwenye bua, hadi siku atakapoambiwa ayachore. Mwanafunzi wa kuchonga maumbo naye hufundishwa jambo hilohilo kwanza: achonge anachokiona na kukipima, aache anachodhani anakikumbuka.

Tofauti ya kozi nzuri na mbaya huonekana hapo. Katika kozi mbaya mwalimu hubonyeza vitufe mbele, wanafunzi nao hubonyeza vilevile, na mwisho wa siku wote wanakuwa na picha moja. Ni sawa na kumfundisha mtu kilimo kwa kumsomesha majina ya majembe. Akirudi nyumbani na kuombwa kitu ambacho mwalimu hakukifanya, anakwama.

Mfano wa chupa ya asali

Tuchukue zoezi ambalo mwanafunzi wa mwanzo anaweza kupewa, nalo ni chupa ya asali ya mililita 500 yenye lebo. Ni kitu rahisi kwa macho, lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya ufundi wote.

Kazi inaanza kwa uzi na rula. Uzi ukizungushwa kwenye chupa na kuonyesha sentimeta 22, kipenyo ni sentimeta 7. Chupa ya kipenyo hicho, ikiwa imenyooka na kioo chake ni chembamba, itahitaji kimo cha karibu sentimeta 13 ili ibebe mililita 500. Mwanafunzi aliyechonga chupa ya kimo cha sentimeta 9 na kuiita nusu lita amekwisha kukosea kabla ya kufika kwenye rangi.

Kisha anachonga. Kompyuta haina duara kamili, ina pande nyingi zilizopangwa kwa mzunguko. Akitumia pande 8, chupa itafanana na nati ya baiskeli. Akitumia 32, jicho litaiona ya mviringo. Akitumia 500, jicho halitaona faida yoyote, ila kompyuta itaelemewa. Ni somo la uchumi hilo. Kama ilivyo kwa mbolea, kuna kiwango ambacho ukikizidisha unapoteza fedha bila kuongeza mavuno.

Halafu inakuja lebo. Mzunguko wa chupa ni sentimeta 22, na tuseme lebo ina kimo cha sentimeta 8. Picha yake lazima iwe na uwiano wa 11 kwa 4. Akiichora ya mraba na kuilazimisha ikae, herufi zitanenepa. Na hapo ndipo anapokutana na jambo la biashara. Asali ni nzito kuliko maji, na mililita 500 za asali zina uzito wa karibu gramu 700. Akiandika gramu 500 kwenye lebo kwa kudhani ni kitu kimoja, mfanyabiashara atakuwa anagawa asali bure.

Mwisho anavisha. Kioo kinang'aa, karatasi ya lebo haing'ai, kifuniko cha bati kinang'aa kwa namna nyingine na kina mikwaruzo. Kila sifa huandaliwa picha yake: moja ya rangi, moja ya kuonyesha wapi pang'ae na wapi pasing'ae, na moja ya mabonde na vilima vidogo vya uso. Picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048 ina nukta zaidi ya milioni 4. Akiongeza upande hadi 4,096, nukta hazikui mara mbili, zinakua mara nne na kupita milioni 16. Anayechagua ukubwa wa picha bila hesabu atakuta kompyuta imesimama.

Kazi hiyo ikimalizika, mfanyabiashara wa asali anaweza kuona bidhaa yake ikiwa rafuni kabla hajaagiza hata chupa moja wala kuchapisha lebo moja. Akiona maandishi hayasomeki, anayabadilisha kwa gharama ya saa chache, badala ya kutupa maboksi ya lebo zilizokwisha kuchapwa.

Gharama ziko wapi?

Habari njema ni kwamba programu yenyewe inaweza kupatikana bila malipo. Programu iitwayo Blender ilianza kuandikwa na Mholanzi Ton Roosendaal mwaka 1994. Kampuni iliyokuwa ikiiuza ilifungwa mwaka 2002, na wenye haki wakakubali kuiachia kwa euro 100,000. Watumiaji walichanga fedha hizo kupitia intaneti katika wiki saba, na tangu Oktoba 2002 programu hiyo ni huria. Yeyote anaweza kuipakua, kuitumia kibiashara na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria.

Taasisi inayoisimamia imetengeneza pia filamu fupi, ikiwemo Elephants Dream ya mwaka 2006 na Big Buck Bunny ya mwaka 2008, na kutoa pamoja nazo mafaili yote ya kazi. Mwanafunzi anaweza kulifungua umbo la sungura wa filamu hiyo na kuona limejengwaje, kama fundi anavyofungua injini.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ndefu iitwayo Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, na Machi 2025 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Hata hivyo iligharimu kiasi cha euro milioni 3.5. Programu ilikuwa ya bure, kazi ya watu haikuwa ya bure.

Kwa kijana wetu gharama ya kwanza ni kompyuta. Matoleo ya sasa ya Blender yanataka kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 au zaidi na kadi ya picha isiyo ya kizamani sana. Matoleo ya zamani bado yanapatikana, nayo yanakubali mashine dhaifu zaidi. Anayeanza na chupa na viti haitaji mashine ya bei mbaya.

Gharama ya pili ni muda na umeme. Filamu ya kawaida ina picha 24 kwa kila sekunde, hivyo dakika moja ni picha 1,440. Kama kompyuta inatumia dakika 5 kutoa picha moja, dakika hiyo moja itachukua saa 120, yaani siku tano usiku na mchana bila umeme kukatika. Ndiyo maana anayeanza ashauriwe kumaliza picha moja nzuri ya kitu kimoja, badala ya kuahidi filamu.

Ada nayo ipimwe kwa kazi. Tuseme kozi moja inatoza fedha sawa na magunia 10 ya mahindi, na mwanafunzi hutoka na kazi 2 zilizomalizika. Nyingine inatoza magunia 12, na mwanafunzi hutoka na kazi 6. Ya kwanza inaonekana nafuu, lakini kila kazi imemgharimu mzazi magunia 5. Ya pili ni magunia 2 tu kwa kila kazi.

Soko lipo, lakini si la kukimbilia

Kazi za katuni zimekwisha kufanyika katika ukanda huu. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga iliyozaliwa Dar es Salaam. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Mwaka 2023 zilitoka filamu fupi 10 za Kiafrika chini ya jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na mojawapo ni Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, inayohusu wachungaji wa ng'ombe. Hata hivyo studio za aina hiyo ni chache, na waombaji wa nafasi ni wengi.

Anayetegemea kuuza maumbo yake kwenye intaneti ajue kwamba anashindana na dunia nzima kwa bei moja. Kuna maumbo ya viti na magari yanayouzwa kwa bei ndogo sana au kugawiwa bure, na siku hizi kuna programu za akili bandia zinazotoa umbo kwa kuandikiwa maneno machache. Kuchonga kiti ambacho kila mtu anacho ni kama kupeleka mahindi sokoni siku ambayo malori yote yameshusha.

Nafasi ya kijana wa hapa ni vitu vya hapa na wateja wa hapa. Fundi seremala anataka kumwonyesha mteja kabati kabla hajanunua mbao. Mjenzi anataka kumwonyesha mwenye kiwanja nyumba yake, au mfugaji banda lake la kuku, likiwa na vipimo halisi. Msindikaji mdogo anataka kuona mfuko wake wa unga. Wateja hawa hawahitaji filamu, wanahitaji vipimo visivyodanganya. Kijana aliyezoea uzi na rula atawahudumia, na aliyezoea kubonyeza vitufe kwa kufuatisha atashindwa.

Ushauri wetu ni kuuchukulia ujuzi huu kama zao la pili shambani. Kijana asiache duka au bustani inayomlisha kwa sababu amepata mteja mmoja. Akipata wa pili na wa tatu waliotumwa na wa kwanza, hapo apime upya.

Maswali ya kumuuliza mwenye kozi

Mzazi hahitaji kuijua kompyuta ili aikague kozi. Aende na mwanawe, aombe kuonyeshwa kazi za wanafunzi waliotangulia, na aulize haya:

Je, kazi hizi zote zinafanana, au kila mwanafunzi alichagua kitu chake? Zikifanana, wanafunzi wamefuatisha tu.

Je, kitu hiki kilipimwa? Vipimo vyake viko wapi? Mwanafunzi aliyepima ataeleza bila kusita.

Je, naweza kuliona umbo hili upande wa nyuma na chini? Kazi ya kuficha makosa hupendeza upande mmoja tu.

Je, mwanafunzi atatoka na kazi ngapi zilizomalizika, na nani huzikosoa? Kozi isiyo na siku ya wanafunzi kuonyeshana na kukosoana ni shamba lisilopaliliwa.

Je, mafaili ya kazi zake ataondoka nayo? Hayo ndiyo sampuli atakazomwonyesha mteja.

Kijana naye anaweza kupimwa kabla ya hata senti moja kutoka. Programu ni ya bure, na kompyuta ya kuazima kwa saa chache kila wiki inatosha kuanzia. Apewe mwezi mmoja achonge kitu kimoja cha pale nyumbani, kiwe kinu, jiko la mkaa au debe, chenye vipimo vyake na rangi yake, kisha aeleze alivyofanya. Akikimaliza hata kikiwa na kasoro, mzazi atakuwa na sababu ya kupiga hesabu ya magunia. Akikiacha katikati, basi mahindi yabaki ghalani hadi bei ipande.